Mama Mkwe na Kamera ya Macho Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Kamera sasa ni yangu. Ina macho mawili, moja juu ya jingine: la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Unainamisha kichwa kama mtu anayechungulia kisima. Kwenye kioo kila kitu kiko kinyume; ukimwambia mtu asogee kushoto, unamwona anakwenda kulia. Filamu yake ni pana, ya heshima, na mkanda mmoja hutoa picha kumi na mbili tu. Watu wa simu hawawezi kuelewa. Mtu anayekipiga picha kikombe chake cha chai mara thelathini atajua nini kuhusu kuchagua?

Chama chetu cha wapenda filamu kitafanya maonyesho maktaba. Mada ni "Sura". Mwenzetu mmoja, daktari wa meno, ataleta picha za ukungu. Huleta ukungu kila mwaka. Ukungu na nguzo, ukungu bila nguzo. Wanachama husimama mbele yake kimya kama waliofiwa, kisha wanampongeza.

Safari hii atanitambua. Nina mama mkwe.

Alhamisi anapasuliwa moyo. Jioni hii mke wangu ameniomba nimpige mama yake picha nzuri kabla hajalazwa. Ile ya kubaki nayo, alisema, halafu akageuka kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kwenye picha zote za zamani mama amejificha nyuma ya migongo ya watu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitampiga picha ambayo vitukuu wataipigia saluti. Habari ya maonyesho sikuigusa. Kila jambo na wakati wake.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imefanyika. Najisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejitolea.

Tulifika kwa mama mkwe asubuhi. Kwanza nilikusanya simu zote kwenye beseni na kuliweka juu ya kabati. Shemeji, mdogo wa mke wangu, aligoma. Akauliza kwa nini asipige hata moja ya akiba. Nikamweleza kwamba picha ya akiba ni dharau kwa picha yenyewe. Mke wangu akamwambia atulie, shemeji yako anajua anachofanya. Maneno hayo sijayasikia tangu tuoane.

Nilimkalisha mama mkwe dirishani. Nikasogeza kiti. Nikakirudisha. Nikamwambia asitabasamu, sanaa haitabasamu. Alivumilia kwa adabu ya mtu aliyeletewa mkwe asiyemchagua. Jua lilipanda, miguu ikamfa ganzi, akabadilisha mkono wa kuegemea, nami nikamrudisha kwenye ule wa kwanza. Mkanda ulipoisha akasema, "Mwanangu, nipige na moja nikicheka. Wasije wakadhani nilikuwa na hasira hadi mwisho."

Nikamwambia filamu imekwisha. Ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa na mkanda mwingine mfukoni, na sikutaka kuuharibu kwa kicheko.

Jumatano, 5 Machi

Siwezi kuandika vizuri. Mkono bado una dawa ya filamu, na kalamu inateleza.

Mke wangu alipompeleka mama hospitali kulazwa, mimi nilijifungia bafuni kusafisha filamu. Matambara chini ya mlango, blanketi dirishani. Shemeji, aliyelala kwetu, akagonga, anataka kuoga. Nikamwambia historia inazaliwa humu. Akasema basi izaliwe haraka.

Nikatoa mkanda kwenye dawa, nikafungua mlango, nikaunyanyua kwenye mwanga. Mweupe. Nikaugeuza. Mweupe upande huo pia. Niliweza kumwona shemeji kupitia picha zote kumi na mbili, amesimama mlangoni na taulo.

Nikaenda kuitazama kamera. Kifuniko kiko kwenye jicho la chini, kimekaa vizuri, kimebana. Jana asubuhi nzima nilitazama kwa jicho la juu nikaona kila kitu. Jicho la chini lilikuwa limelala.

Mke wangu alipiga simu kuuliza kama zimetoka. Nikasema zinapumzika. Akauliza zinapumzika vipi. Nikasema filamu pana huchoka.

Mpango: nikaifunga kamera kwenye khanga, nikaifunika kwa machungwa ndani ya kikapu, nikaenda hospitali. Ningempiga picha haraka, kitandani, kabla mtu hajajua. Muuguzi wa wodi akanisimamisha, akabonyeza chungwa la juu, akabonyeza la pili, la tatu likamwonyesha jicho. Akauliza ni kitu gani. Nikasema ni cha kifamilia. Akasema mgonjwa amepewa dawa ya kulala, na hata angekuwa macho, kikapu hicho kisingeingia. Machungwa akayapokea.

Nimerudi nyumbani na kamera na khanga.

Alhamisi, 6 Machi

Benchi la hospitali. Mke wangu katikati, shemeji kushoto, mimi kulia. Hakuna aliyekula. Kila mlango ukifunguliwa tunasimama, na kila mara ni mtu wa usafi.

Mke wangu alishika mkono wangu akasema walau picha ipo. Akasema tena: lolote litakalokuwa, walau picha ipo. Nilitamani kuwa mkanda wangu, mtu aone moja kwa moja hadi upande wa pili bila kuniona.

Nilifikiria yule mama amekaa dirishani na miguu yake ya ganzi. Kitu kimoja tu aliniomba.

Daktari mpasuaji alitoka amevua kofia. Akasema imekwenda salama, moyo unapiga vizuri, kesho tutamwona. Shemeji akakaa chini sakafuni. Mke wangu akaanza kulia. Na mimi, kifua kilivyofunguka, mdomo ukafunguka nao.

"Afadhali," nikasema, "maana picha hazikutoka hata moja!"

Kilio kikakatika. Daktari akanitazama, akamtazama mke wangu, akasema ana mgonjwa mwingine.

Nimeandika haya nikiwa kwenye kochi. Kochi ni fupi. Lakini mama mkwe yuko hai, na nimejilaza hapa kwa furaha.

Jumapili, 9 Machi

Nimeitwa wodini. Mama mkwe ameelezwa yote na binti yake, pamoja na machungwa. Nilisimama miguuni pa kitanda, macho chini, begi la kamera begani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, yenye sehemu ya kulaumu kiwanda cha filamu.

Hakunipa nafasi. "Mkwe wangu," akasema taratibu, "yaani ulinizuia kutabasamu, nikakaa kama jiwe asubuhi nzima, kumbe unapiga picha kifuniko?"

Na akacheka. Akajishika kifua kwa mto, uchungu ukamkunja, akaendelea kucheka. Muuguzi akaja mbio kumwambia asicheke, naye akacheka. Mke wangu aliyekuwa hajanisemesha tangu Alhamisi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Sijui nilitoaje kamera. Sikupima mwanga. Kifuniko nilikitoa kwa meno.

Jumanne, 11 Machi

Imetoka. Imepinda kidogo, kiwiko cha muuguzi kimeingia, na mama mkwe amefumba macho, mdomo wazi, pengo lake mbele ya dunia nzima. Mke wangu aliitazama mpaka chai ikapoa. Akasema, "Huyu ndiye."

Leo nalala kitandani.

Jumamosi, 29 Machi

Maonyesho. Mama mkwe mwenyewe aliruhusu, kwa sharti kwamba pengo lisikatwe. Watu walisimama mbele ya picha yake wakacheka bila kujua wanachekea nini. Daktari wa meno alikaa hapo muda mrefu kuliko wote, nadhani kwa sababu za kikazi. Akauliza kama kule kupinda ni kwa makusudi. Nikamwambia ni matokeo ya miaka ya kutafakari.

Nimebaini kwamba kipaji changu ni furaha. Shemeji anaoa mwezi ujao. Nimeshampigia mpiga picha wao kumwambia asijisumbue kuja. Daktari wa meno ameniuzia mikanda ya filamu iliyoisha muda wake zamani; anasema huwezi kujua itatoa nini, na ndiyo raha yake. Itatosha harusi nzima.

Bibi harusi nimemwambia leo. Amejifunika uso kwa khanga. Nadhani ni furaha.