Muuza Namba za Bure

Kabla sijaanza, niseme ukweli mmoja ili tusichoshane: huyu Titus nitakayemsimulia ni mimi mwenyewe. Nitamwita "yeye" kwa sababu nikimwita "mimi" nitaona haya nishindwe kuendelea. Basi mwacheni awe yeye, tumcheke pamoja.

Titus Mwendwa alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, suti moja ya kijivu, na ulimi wa mtu mwenye suti saba. Kazi yake ya halali ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee kule Croydon. Lakini kanisani, Jumapili, aliitwa Msomi, maana hakuweza kumaliza sentensi tatu bila kutia neno "kitaaluma". Hakuna aliyewahi kumuuliza alisoma nini, na yeye hakuwa mtu wa kujibu ambalo hakuulizwa.

Ukweli ni kwamba aliwahi kuingia chuo kikuu, hapa hapa Landani. Akasoma miaka miwili. Mwaka wa tatu akachelewa tarehe ya kujiandikisha, akaona haya kwenda kuuliza, haya ikawa ya wiki, ya wiki ikawa ya mwezi, na sasa ilikuwa miaka kumi na minne. Kule Kenya, mji wa Wote, Makueni, mama yake alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe ana digrii ya Uingereza. Jambo hilo lilimla Titus kuliko jingine lolote duniani. Alilishughulikia kiume, yaani hakumwambia mtu.

Fursa ilimjia mwisho wa Septemba, baada ya ibada, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Njeri, muuguzi mmoja anayeogopwa na madaktari wa wodi yake, alimvuta pembeni, akamwonyesha simu.

"Msomi, nisaidie. Mwanangu Jeff ametumiwa email na chuo. Wanasema lazima aone adviser before Friday. Kwani wamemfukuza?"

Titus akaisoma. Ilikuwa barua ya kawaida, wanayotumiwa wanafunzi wote kila mwaka: njoo umwone mshauri wa masomo, chagua masomo yako kabla ya tarehe ya mwisho, uliza kuhusu nafasi za mafunzo kazini na za kusoma mwaka mmoja ng'ambo. Mlango uko wazi kuanzia saa tatu asubuhi. Hakuna malipo. Alikuwa ameshafungua kinywa kumwambia hivyo hivyo, na mimi ni shahidi wake, nilikuwepo. Ila Njeri akamtangulia.

"Unajua mtu huko ndani?"

Hapo lazima nitetee watu wangu kidogo. Sisi hatuendi ofisini hivi hivi. Tunatafuta kwanza binamu wa karani, au mtu aliyesoma na dereva wa mkubwa. Ukituambia mlango uko wazi na huduma ni bure, tunajua kuna jambo linafichwa. Titus aliuangalia uso wa Njeri, akaona kwamba ukweli ungemwongezea wasiwasi. Basi kwa huruma tupu, akamdanganya.

"Ninaye," akasema. "Lakini ni mtu wa kuogopa kazi yake sana. Kitaaluma, haya mambo ni delicate."

"Najua. Anataka ngapi?"

"Sitini. Ya chai tu."

Njeri akatoa paundi sitini bila kukunja uso, tena akashukuru. Titus mwenyewe alishangaa.

Jumatatu saa tatu kamili alikuwa kwenye ofisi ya ushauri ya chuo cha Jeff, kile kile alichokiacha yeye. Karibu na mlango palikuwa na mashine yenye kitufe kimoja. Unabonyeza, inakutolea kikaratasi chenye namba, unakaa kungoja kuitwa. Titus akabonyeza, akatoka nje, akamkabidhi Njeri kile kikaratasi kwa mikono miwili.

"Usiulize imetoka wapi," akanong'ona. "Na Jeff akiingia, asitaje jina langu."

Baada ya dakika ishirini Jeff akatoka ameshachagua masomo, na fomu ya kwenda kusoma Uhispania mkononi. Njeri akalia kwa furaha. Usiku huo akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwamba Mungu amemtumia Msomi.

Kufikia wiki ya pili zilikuwa familia kumi na moja. Titus akaongeza bidhaa: kalenda ya tarehe za mwisho, aliyoitoa kwenye tovuti ya chuo, akaichapisha kwa rangi, akaipiga mhuri aliotengenezewa sokoni. Mhuri ulisema IMETHIBITISHWA. Haukusema na nani. Kila mzazi aliondoka akiapa kwamba bila Titus mtoto angepotea. Na uchungu ni kwamba haikuwa uongo mtupu, kwa sababu wengi wao, bila kuambiwa kuna mtu ndani, wasingefika kabisa.

Familia ya kumi na moja ilikuwa ya Lata, mama mwenye duka Tooting. Lata ni Mhindi mzaliwa wa Mombasa, anauza unga, iliki na mihogo ya kugandishwa, na hana mteja aliyewahi kutoka dukani kwake na kitu kimoja tu. Binti yake Nishma alikuwa mwaka wa pili, chuo hicho hicho. Lata alinunua namba, akanunua na kalenda, akaibandika juu ya kaunta. Jioni Nishma akaja, akaitazama, akacheka mpaka akashika meza. Yaliyofuata nimeyapata kwa Lata mwenyewe, ambaye hadi leo humsimulia kila mteja, hata wa kununua kiberiti.

"Nani amekuuzia hii?" Nishma akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia chote, hukijibu kwa lugha ya Mfalme, mimi namtafsiria tu. "Hizi tarehe ziko kwenye tovuti. Na namba zinatoka kwenye mashine, bure. Si nafanya kazi pale mapokezi siku mbili kwa wiki? Kuna mtu wa suti ya kijivu anakuja kila asubuhi, anachukua namba moja mbili, anaondoka. Tulidhani hana ndugu."

Lata hakukasirika. Mtu wa duka hagombani na mwizi kabla hajamuuzia kitu. Alizima taa za nje, akafikiri, na Jumatano Titus alipopita kuuliza kama kuna jamaa mwingine wa kusaidiwa, akakaribishwa nyuma ya kaunta, akapewa kiti na chai ya iliki.

"Sikiza, Titus. Na wewe ulisoma pale pale chuoni kwa Nishma, sivyo?"

"Ndiyo, Mama Nishma. Kitaaluma, mimi—"

"Ukamaliza mwaka gani?"

Titus akanywa chai ya moto funda kubwa ili apate sababu ya kutojibu. Ikamuunguza.

"Mambo ya zamani hayo," akasema, machozi yakimlenga.

"Hukumaliza."

Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyelisema neno hilo mbele yake, hata yeye mwenyewe hakuwahi. Alitamani kukana. Badala yake akajikuta anaitikia kwa kichwa polepole, na kifua kikawa chepesi kidogo, jambo ambalo lilimwogopesha.

"Usihofu, bwana. Siri yako ni yangu." Lata akasogeza kiti. "Mimi nina mtu ndani."

"Ndani wapi?"

"Pale pale chuoni. Mama mmoja wa Kongo. Waliokwama huwafungulia. Lakini mwisho ni kesho kutwa, Ijumaa, saa sita mchana. Ikipita hapo, mpaka mwakani."

"Na yeye anataka ngapi?"

"Wewe una ngapi?"

Hata mpumbavu hapo angesimama akaondoka. Titus alikuwa akiyauza maneno hayo hayo kila siku kwa wiki mbili! Lata akamwongezea hata na chumvi: "Ni mtu wa kuogopa kazi yake sana. Ukiingia, usitaje jina langu." Titus akaitikia kwa heshima, hakung'amua kitu. Mganga hajigangi. Alikuwa anaitaka ile digrii kwa hamu ambayo hakujua bado anayo, na mtu mwenye hamu namna hiyo huuziwa hata kivuli chake. Akaenda nyumbani, akarudi na fedha zote za familia kumi na moja. Lata akampa bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Uifungue Ijumaa, ukiwa umeketi mle ndani. Si kabla."

Ijumaa akaipiga suti pasi kwa mashine ya wazee, akashika treni, akaketi katika ukumbi wa ofisi ya ushauri katikati ya vijana wa miaka kumi na tisa. Msichana mmoja alimpisha kwenye kiti, akamuuliza kama anamsubiri mwanawe. Titus akajibu ndiyo, akaifungua bahasha.

Ndani mlikuwa na kikaratasi cha namba. Ishirini na sita.

Hakuhitaji kukitazama mara mbili. Aliijua karatasi ile kwa kuigusa tu, na ule wino wake hafifu. Akainua macho, na kule mapokezi Nishma akampungia mkono.

Titus akainuka kukimbia. Ile haya yake ya zamani ilimrudia yote kwa mkupuo, akaukimbilia mlango, akauvuta. Haukufunguka. Akauvuta kwa mikono miwili. Ulikuwa wa kusukuma. Alipokuwa bado anang'ang'ana nao, watu wameanza kutazama, Nishma, ambaye ndiye mwita namba, akaita ishirini na sita kwenye spika, akasema kwa sauti nzuri kabisa ya kazini, "Sir, ni wewe."

Mshauri aliitwa Bi Célestine, na kweli alikuwa mama wa Kongo, hata kwa Kiswahili chake. Hilo Lata hakudanganya.

"Karibu, papa. Nani alikutuma?"

"Kuna mtu... tumeshamwona."

"Mutu gani? Hapa ni bure. Batu bote banaingia."

Akaandika jina lake kwenye kompyuta, akasoma kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Papa, hizi maksi zako zimekufa. Muda wake ulipita zamani. Kama ungekuja wakati ule, wiki ile tu, tungekuandikisha kwa dakika kumi."

"Dakika kumi?"

"Ao kumi na tano, kama kompyuta iko pole pole."

Iliuma. Sitatafuta maneno ya kuchekesha hapa, iliuma sana. Miaka kumi na minne ya kukwepa watu waliosoma naye, kwa dakika kumi za kuuliza.

"Sasa ni kuanza mwaka wa kwanza," Bi Célestine akaendelea. "Masomo ya jioni, kwa watu wa kazi. Fomu inafungwa saa sita. Sasa ni saa sita kasorobo."

Titus, kwa mazoea tu, akainama mbele. "Mama, hakuna njia ya kando? Naweza kutoa ya chai."

"Chai iko pale kwa mashine. Njia ni hii fomu."

Akaanza kujaza. Jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, yote yakaenda. Swali la saba likauliza: Kwa nini uliacha masomo yako ya awali? Titus akaandika, "Kutokana na changamoto mbalimbali za kitaaluma." Akaangalia saa ukutani, dakika tano. Akafuta. Akaandika, "Nilichelewa, nikaona haya kuuliza." Hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote alizowahi kuandika katika maisha yake ya usomi. Akaituma zikiwa zimebaki dakika mbili.

Nje, simu ilikuwa imejaa. Njeri alikuwa ameandika: "Msomi ubarikiwe! Pesa imerudi. Mama Nishma ametuambia umeamua kusaidia watu bila malipo. Nimepeana namba yako kwa fellowship yote." Kulikuwa na simu thelathini na nne ambazo hazikupokewa. Ujumbe wa Lata ulikuwa mfupi: "Zote nimewarudishia wenyewe. Nimekata sitini, ya chai."

 Titus akasimama kwenye kituo cha basi, akampigia mama yake.

"Mama, nimerudi chuo."

"Asifiwe Bwana! Kuongeza digrii?"

Uongo ulikuwa pale pale, tayari, tena amekabidhiwa na mama mwenyewe. Hata kuusema hakuhitaji, angenyamaza tu.

"La, mama. Ni ile ya kwanza. Sikuwahi kumaliza."

 Akasikia jogoo wa kule Wote, akasikia mlango wa mabati ukifungwa.

"Nilijua," mama yake akasema.

"Ulijua? Na majirani unawaambia—"

"Sasa ningewaambia nini? Titus, mtoto akimaliza chuo humtumia mama yake picha, amevaa lile joho. Ulipoingia chuo nilipigilia msumari ukutani. Msumari uko mpaka leo, ninatundikia kalenda. Nilikuwa nakungoja uniambie wewe mwenyewe."

Basi likaja, likasimama, dereva akamtazama, likaondoka. Titus alikuwa analia, na suti yote na tai, mchana kweupe.

"Hayo masomo yanaanza lini?" mama yake akauliza.

"Jumatatu. Saa kumi na mbili jioni."

"Wewe ufike saa kumi."