Juniper na Sumu za Wirrabin

Noelene Stubbs alikuwa na kikombe kimoja cha chai alichokuwa akikinywa tangu asubuhi, maana mwenye mgahawa hawezi kumfukuza mteja ambaye bado anakunywa, na simu yake ilikuwa bado inachaji ukutani. Hapo ndipo alipowasikia wanawake wawili wa meza ya jirani wakiomboleza. Kabla hujawahurumia, ngoja nikwambie: hakuna aliyekufa. Walikuwa wanaomboleza dawa za kusafishia choo.

Yule mrefu aliitwa Portia. Nyumba yake ilikuwa nyeupe nje, nyeupe ndani, na mbwa wake pia mweupe. Alikuwa amesoma mahali kwamba dawa ya kupulizia bafuni ndiyo inayomuumiza kichwa, na tangu siku hiyo alikuwa analala akijua kwamba chini ya sinki lake kuna jeshi la chupa linamsubiri. Mwenzake akamwambia si azitupe tu. Portia akamwangalia kama mtu aliyeambiwa amtupe mtoto. Azitupe wapi? Akizitia kwenye pipa la taka, zitaenda ardhini, ardhini zitaenda mtoni, mtoni zitaenda baharini, kasa atakunywa. Akizimwaga kwenye sinki, ni kasa huyohuyo. Kila njia waliyoijaribu pale mezani iliishia kwa kasa. Basi wakabaki wamenasa na chupa zao, kama watu walioingiliwa ndani na nyoka wakati sheria inasema nyoka asiguswe.

"Angetokea mtu tu," Portia alisema, "aje azichukue, aziondoe kwa heshima."

Mtu mwingine angesikia wanawake wawili wasio na kazi. Noelene alisikia riziki ikimwita kwa jina. Akachomoa simu, akaenda msalani, akafungua nywele zake zilizokuwa zimefungwa tangu juzi, akavua viatu akavitia mfukoni. Aliporudi kupita pale mezani alikuwa peku, anaitwa Juniper, na kazi yake ilikuwa kuondoa sumu majumbani kwa njia ya asili.

Sasa usimwone Noelene ni mtu wa tamaa. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, mahali pa kulaza kivani chake, kigari chake cha mizigo. Alikuwa anaishi ndani yake, godoro nyuma, jiko la gesi pembeni, na kila alipoegesha pale ufukweni askari wa halmashauri walikuja alfajiri kumgongea kioo na kumwambia, kwa upole wa hali ya juu, aondoke. Lakini nyuma ya uwanja wa gulio la mji huo wa Wirrabin kulikuwa na kivuli, bomba la maji na umeme, na waliokuwa na kibanda cha kudumu gulioni waliruhusiwa kuegesha hapo na kulala, bila kugongewa na mtu. Tatizo lilikuwa moja. Kibanda cha kudumu hakipatikani mpaka mwenye nacho afe, na wauza mishumaa wa Wirrabin wanakula vizuri, wanafanya yoga, hawafi.

Basi wakati anasubiri mtu afe, akafanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Alikuwa anaingia nyumbani kwa mtu taratibu, anafumba macho, ananusa. Anapiga magoti mbele ya sinki, anafungua kabati, anavuta pumzi kwa uchungu. Halafu anazitoa chupa moja moja, jiki, dawa ya choo, dawa ya vioo, dawa ya oveni, anazipanga kwenye kreti na kuzifunika na kitambaa, kama maiti. Mahali pake anaacha chupa za kioo cha rangi ya kahawia zenye kibandiko cha jani. Ndani mna siki na maji, na tone la mafuta ya mkaratusi ili mtu ajue ameuziwa kitu. Pembeni anaacha mtungi wa magadi ya keki. Akimwaga siki juu ya magadi pale mbele ya mwenye nyumba, povu linapanda, linachemka, mwenye nyumba anashika kifua. Kwamba povu likiisha kinachobaki ni maji ya chumvi, hilo hakuna aliyeuliza. Watu walishaona povu.

Wiki ya kwanza Portia alimpigia simu. Meza yake ya jikoni ya marumaru, iliyosafiri kutoka Italia, ilikuwa imeota mabaka baada ya kufutwa na siki. Mtu mwenye akili angejua siki inakula marumaru. Juniper akaenda, akayapapasa yale mabaka.

"Jiwe linapumua," akasema. "Ulikuwa umelifunga pumzi miaka yote hii."

Portia akalia. Akanunua chupa nyingine.

Na zile kreti zilizofunikwa? Zilizikwa kwa heshima kila Jumapili kule Tolley, bara, nyuma ya milima, ambako watu wana watoto, mbwa, matope na mafua, na hawana muda wa kusikiliza jiwe likipumua. Noelene alifungua mlango wa nyuma wa kivani, akapanga chupa za watu wa Wirrabin nusu bei, na kabla ya mchana zikaisha. Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja mnene mcheshi aliyenunua dawa ya choo ile kali kabisa, tena nyingi. Noelene alipomuuliza anafanya kazi gani akasema anasafisha nyumba kule Wirrabin, kwa dada mmoja anaitwa Portia, ambaye siku hizi amechanganyikiwa na siki, na choo chake bila hii dawa hakikaliki. Anaificha kwenye mkoba. Wiki iliyofuata Portia alikuta chupa nyuma ya tangi la choo, akapiga yowe, akamwita Juniper. Chupa ileile aliyoiuza Noelene kule Tolley, yenye kibandiko kilichochanika pembeni. Noelene akaichukua, akaifunika kitambaa, akaiuza tena Jumapili. Ilizunguka namna hiyo mpaka yeye na chupa wakazoeana.

Sifa zikaenea. Akina mama wa ukumbi wa mji wakamwalika aje aongee, kila mtu alete kitafunio chake. Juniper akaongea vizuri kuliko kasisi. Akasema nyumba ni mwili wa pili. Akasema hakuna sumu ndogo. Na mwisho, kwa kuwa makofi yalikuwa yamemlewesha, akainua mkono akasema sumu yoyote iliyo kwa mtu yeyote humu ndani, yeye ataibeba, bure, mpaka mji upone.

Nyuma kabisa, karibu na birika la chai, bibi mmoja mwembamba akainua kidole.

"Yoyote, mwanangu?"

"Yoyote, mama."

"Haya," bibi akasema, akaongeza maziwa kwenye chai yake.

Aliitwa Merle Haskett, mjane wa mfugaji, ana shamba la zamani juu kilimani. Baada ya hotuba akamfuata Juniper na sahani ya keki za nazi. Akamweleza kwamba marehemu mumewe alikuwa hatupi kitu, Mungu amrehemu, na banda limejaa makopo na madumu ya dawa za tangu enzi hizo. Anaogopa hata kulifungua. Halafu, kama mtu anayeongelea mvua, akataja gulio. Yule mama wa mishumaa anahamia kwa bintiye. Kibanda kitakuwa wazi.

Noelene akasahau kutafuna.

"Mimi na kamati ile tumetoka mbali," Merle akasema. "Nikiwaambia fulani ni mtu wa kazi, wananisikiliza. Kwanza nione banda langu likiwa tupu. Si lazima, lakini mtu hupenda kuona."

Usiku huo Noelene hakugongewa kioo, na hata angegongewa asingesikia. Aliota madumu ya dawa za kale, zile kali za zamani ambazo siku hizi hazitengenezwi tena, akizipanga Tolley na watu wakipigana vikumbo. Na kisha bomba la maji, kivuli, na usingizi mpaka jua liwe juu.

Siku aliyopanda kule shambani alipokewa kama bibi harusi. Merle alikuwa ametandika kitambaa barazani, skonzi za moto, jamu, krimu. Marafiki zake wawili, Ivy na Gwenda, vikongwe wenye misuli ya kukamua ng'ombe, walikuwa wameshavaa glavu za mpira mpaka viwikoni. Noelene akasema angependa kuwasaidia kupakia. Merle akamkalisha. Mgeni habebi, alisema, na skonzi zinapoa. Gwenda akaomba funguo za kivani, akarudisha kinyumenyume mpaka mlangoni mwa banda, vizuri kuliko dereva wa lori.

Noelene akala. Alisikia kitu kizito kikidunda nyuma ya gari, kisha kingine, na kila mdundo ulimwongezea hamu ya kula. Merle akamsifu ngozi yake. Akamuuliza wazazi wake wako wapi. Akamwongezea krimu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Noelene kuulizwa kitu na mtu asiyetaka aondoke, na alijikuta anajibu ukweli mmoja au miwili, jambo ambalo si zuri kwa afya ya tapeli.

Upepo ulipogeuka ndipo alipoisikia harufu. Haikuwa ya jiki.

Aliposhuka barazani, kivani kilikuwa kimechuchumaa kwenye magurudumu ya nyuma. Godoro lake lilikuwa limesimamishwa pembeni kwa adabu, na mahali pake yamesimama mapipa ya kutu, mengine yamevimba, mengine yanatoa jasho, yenye fuvu la kichwa limechorwa ubavuni. Dawa ya josho. Aseniki ya kuogeshea ng'ombe, ya enzi za baba mkwe wa Merle, iliyopigwa marufuku hata kabla Noelene hajazaliwa.

"Mama Merle," akasema polepole, "hii si ya kusafishia nyumba."

"Ng'ombe walikuwa wasafi sana," Ivy akasema huku akivua glavu.

"Ulisema yoyote, mwanangu," Merle akasema. "Ukumbi mzima ulikusikia. Mimi nilifurahi nikalala nikiwa mwepesi." Akamshika mkono. "Kamati wanakaa kesho."

Noelene aliwaangalia wale vikongwe watatu. Kushusha angeweza, ila nani amsaidie? Kukataa angeweza, ila kesho asubuhi mji mzima ungejua Juniper kaogopa sumu. Na kibanda. Akapanda, akawasha gari, wakampungia mkono mpaka kona ya mwisho.

Njiani alifungua vioo vyote na bado macho yalimuuma. Alipofika kwenye kijito cha Tolley alipunguza mwendo. Hakukuwa na mtu. Kazi ya dakika chache tu, ayasukume yabingirike. Lakini chini ya daraja palikuwa na kamba imefungwa mtini, ile ya watoto kurukia majini, na mmoja kati ya watoto aliowaona wakirukia hapo Jumapili alikuwa wa yule mama mnene mteja wake. Noelene alikuwa amedanganya watu wengi ila wote walikuwa wakubwa. Akamtukana Merle, akamtukana marehemu mumewe, akaendelea mpaka dampo la halmashauri.

Mlinzi wa dampo aliitwa Kelvin Tranter, mtu mpole mwenye kofia iliyopauka. Alisogea dirishani akitabasamu, akanusa, tabasamu likaisha.

"Zima gari, dada. Shuka. Usifunge mlango, acha hivyohivyo. Yametoka kwa Merle haya?"

Noelene akashangaa amejuaje.

Kelvin akasema nani asiyejua. Merle alikuwa anapiga simu kuhusu mapipa yale kila mwaka. Kila mwaka anajibiwa aite watu wenye leseni, waje na mavazi yao, wachimbe na udongo, waupime, na wakishapima, shamba lisingeuzika hata kwa mchwa. Akaingia kibandani kupiga simu. Aliporudi alikuwa amejifunga kitambaa puani.

"Lakini ananisaidia nipate kibanda," Noelene akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza. "Kwenye kamati ya gulio."

"Merle? Alitoka kwenye kamati miaka mingi iliyopita. Waligombana kuhusu vyoo." Kelvin akafikiri. "Na mama wa mishumaa haendi popote, nimemwona leo anakimbia ufukweni."

Wakaja watu waliovaa nguo nyeupe kichwa mpaka unyayo, mashine za kupumulia mgongoni. Wakazungushia kivani utepe wa njano. Mmoja akamweleza Noelene kwa sauti ya ndani ya barakoa kwamba gari lenyewe nalo sasa ni taka ya hatari, godoro, jiko, nguo, vyote, maana mapipa yamevuja. Kivani hakitarudi. Akamwomba na viatu, kama anavyo.

Akiwa amesimama peku pembeni, simu yake ikaita. Alikuwa Portia, analia, safari hii kwa furaha. Amenunua shamba. Shamba la kilimani, la Merle, leo hii wamesaini, bibi wa watu anahamia mjini kwenye maghorofa na tayari ameshapakia. Portia atalima mboga zisizoguswa na kemikali. Alikuwa na wasiwasi kidogo kuhusu mambo ya zamani, lakini Merle alimwambia Juniper mwenyewe kapita, kaondoa kila kitu.

"Ni kwa sababu yako, mpenzi," Portia akasema. "Nisingemwamini mtu mwingine. Hebu niambie, udongo umeuonaje?"

Noelene akaangalia kivani chake kikivutwa taratibu kupandishwa kwenye lori, kimefunikwa turubai, kwa heshima zote.

"Unapumua," akasema, akakata simu.

Jua lilikuwa linashuka na Kelvin anataka kufunga geti. Akafunga minyororo, akazima taa ya kibanda, akafungua mlango wa abiria wa pikapu yake na kupangusa kiti kwa mkono.

"Panda nikusogeze, dada," akasema. "Nyumbani wapi?"