Ombi la Kuachiwa Pengo la Mita Tatu Katika Daraja la Chuma la Mto Nkoruo

Elisaria Yoramu,
Kitongoji cha Kyarusa,
Old Moshi.
14 Septemba 2001

Ndugu Mhandisi wa Madaraja,
Moshi.

YAH: DARAJA AMBALO, KWA BAHATI MBAYA, LINAELEKEA KUKAMILIKA

Ndugu Mhandisi,

Pokea salamu za huku juu, ambako ukungu umetukalia tangu Jumatatu na kahawa imegoma kukauka. Mimi ni mkulima na mzee wa kanisa la Kilutheri, umri miaka sitini na nne. Si mtu wa kulalamika. Mke wangu, mama Eunike, angeweza kukuthibitishia, ila nilipomwomba afanye hivyo alicheka akaingia jikoni.

Nakuandikia kuhusu daraja la chuma mnalotujengea juu ya korongo la Mto Nkoruo, kati ya kitongoji chetu na kitongoji cha Mrawini. Daraja letu la magogo lilisombwa na mvua za El Nino mwishoni mwa mwaka 1997. Tangu hapo, mtu wa kwetu akitaka kufika Mrawini, ambako anawaona watu wakianika nguo zao, sharti ateremke mpaka Moshi mjini, abadilishe gari, kisha apande mgongo wa pili wa mlima. Nusu siku nzima inakwisha. Wenzangu wote waliona hiyo ni adha. Mimi niliona mambo yamekaa vizuri, na sababu zangu ni hizi zifuatazo:

1. Kuhusu upendeleo. Nilishuka korongoni kukagua kazi, kama raia yeyote mwenye uchungu na nchi yake. Nikakuta upande wa Mrawini daraja limefungwa kwenye zege kwa bolti nene za kutisha. Upande wetu wa Kyarusa halikufungwa kabisa! Limelazwa tu juu ya vyuma vya mviringo vinavyobingirika. Nilimwita fundi wenu mkuu, kijana Godwin, anieleze. Aliniamkia kwa heshima, akasema chuma kikipigwa na jua kinarefuka, kikipoa kinafupika, kwa hiyo ni lazima upande mmoja uachwe huru la sivyo zege litapasuka. Nilimwelewa. Ninachouliza mimi ni nani aliyeamua kwamba watakaobingirishwa ni sisi. Wale ni Waroma, sisi ni Walutheri, na watu wameshaanza kusema. Kama haiwezekani kufunga pande zote mbili, basi tupokezane, mwaka wao na mwaka wetu.

2. Kuhusu pengo. Kwa sababu hiyohiyo ya jua, kwenye ncha ya upande wetu mmeacha nafasi ya vidole viwili kati ya chuma na ukuta. Godwin anasema nafasi hiyo ni halali na imo kwenye michoro. Vizuri sana. Kwa kuwa utaalamu wenu wenyewe unakubali daraja liwe na pengo, naomba kwa unyenyekevu pengo hilo liongezwe kutoka vidole viwili hadi mita tatu. Sioni kama nimeomba jambo jipya. Nimeomba lilelile liongezwe kidogo.

3. Kuhusu uimara, ambao umezidi. Niliuliza kwa nini vyuma vyote vimeungwa kwa pembetatu. Godwin akachukua vijiti vinne na misumari, akaunda mraba, akaniambia niusukume. Ukalala ubavu. Akaunda pembetatu ya vijiti vitatu. Ile, Mhandisi, nilisukuma mpaka kofia ikaanguka, haikuyumba wala kuinama. Wafanyakazi wakapiga makofi. Basi nikamuuliza, hili daraja litakaa miaka mingapi? Akasema likipakwa rangi vizuri, sitini. Sitini! Daraja la magogo lilikuwa na utu. Kila masika lilitikisika, wakati mwingine likaondoka kabisa, na mtu akapata miezi miwili ya kutulia bila kuulizwa mbona haonekani. Ninyi mnatuletea kitu kisichoondoka. Mtu akishindwa kwenda kwa watu, atasema nini kwa miaka sitini?

Hapa inabidi niwe mkweli, maana barua ya serikali haiandikwi kwa kuficha. Binti yangu Eunike, wa pekee, aliolewa huko Mrawini Januari 1998 na kijana mmoja anaitwa Sirili, Mroma, mfuga nyuki. Ndoa ilifungwa katika kanisa lao. Mimi niliyemfundisha Eunike nyimbo zetu zote nilitakiwa nikakae kwenye benchi la mbele nitazame. Nilituma ujumbe kwamba ningekuja kwa moyo wote, ila daraja halipo. Mama Eunike alizunguka kwa gari kupitia mjini, pamoja na shangazi wote wa Eunike, hata mzee mmoja mwenye mkongojo. Mimi nilibaki na ng'ombe. Tangu siku hiyo kila nikialikwa najibu vilevile, na hakuna aliyeweza kunibishia, kwa sababu kweli daraja halikuwepo.

4. Kuhusu nyama. Sijui wewe ni mwenyeji wa wapi, Mhandisi, lakini kwetu mkwe akichinja, kidari cha mnyama ni cha baba mkwe. Akikila, amemkubali kijana, na mjadala umefungwa. Sirili huchinja kila Krismasi na kila Pasaka, na hajasahau hata mara moja kuniletea changu. Kidari hicho hushuka mjini na mtu wa gari, hulala huko, hupanda kwetu kesho yake mchana. Mimi hukipokea mbele ya mashahidi, hukinusa, halafu hutangaza kwa masikitiko kwamba kimeharibika. Mbwa wangu hajawahi kulalamika. Sasa daraja likiisha, kidari kitafika baada ya dakika kumi kikiwa bado cha moto! Nitakinusa nini? Idara yako imefikiria jambo hili, au mlipima udongo tu?

5. Kuhusu nidhamu ya mafundi wenu kazini. Eunike ana mtoto, Priska, miaka mitatu kasoro. Mama yake humleta ng'ambo ile kutazama kazi, naye hukaa juu ya jiwe akihesabu bolti kwa sauti. Namba sita huiruka kila mara. Jumatano iliyopita alipaza sauti akamuuliza Godwin, katika wazee wale waliosimama kule, babu yake ni yupi. Na Godwin, mtumishi wa umma, tena saa za kazi, akanionyesha kwa kidole. Mtoto akanipungia mkono. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mfukoni kwa sababu ya baridi, nami sikuweza kuitoa kwa haraka. Alinipungia muda mrefu, mpaka mama yake akambeba. Naomba nijibiwe kwa maandishi kama mafundi wana ruhusa ya kuonyesha watu kwa vidole. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na nasema hivyo bila kumlaumu mtoto.

6. Kwa kuzingatia yote hayo, kama pengo la mita tatu haliwezekani, naomba kazi isimamishwe mpaka hapo nitakapokuwa tayari. Tarehe nitawajulisha.

Sina zaidi. Wasalimie wahandisi wenzako, makarani, mpiga chapa atakayeisoma barua hii kabla yako, na dereva wa lori aliyeiponda migomba yangu miwili. Mwambie nimeshamsamehe, ingawa mmoja ulikuwa na mkungu. Familia yako pia, na wazazi kama wapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa, isipokuwa kipande hiki kimoja,

Elisaria Yoramu

Nyongeza: Ndugu Mhandisi, kabla sijafunga bahasha Godwin alikuja kuniaga. Lori lililokuwa linaleta mbao za kukanyagia limeharibika njiani, na mbao nyingine hazitapatikana mpaka baada ya mvua za vuli, pengine Januari. Mafundi wanarudi mjini. Yaani ombi langu la sita limekubaliwa hata kabla halijafika kwako! Nilikaa kwenye kiti changu nikajaribu kufurahi. Mama Eunike akaniletea mtori wa ndizi na nyama, sikuumaliza. Nikawa naangalia juu tu, kwenye dari la sebule, ambalo ni la mbao safi za mringaringa na ndilo linalofanya wageni watusifu. Nikamwambia mke wangu, lete ngazi. Hakuniuliza ya nini. Alinishikia.

Tuliling'oa lote jana. Godwin alikubali kubaki siku moja, tukazipanga mbao mbilimbili na kuzifunga kwa bolti zenu, tukitokea upande wetu, na Sirili alipotuona akatokea upande wa kwao na mbao za banda lake la mizinga. Tulikutana katikati saa tisa alasiri. Aliniamkia, nikamwambia ashike vizuri spana. Halafu Eunike akaja akanishika mkono, akasema shikamoo baba, nami nikalia mbele ya fundi wenu.

Najua mbao zetu ni nyembamba kwa gari, kwa hiyo leta zile nene mara zikipatikana, usichelewe. Ila zinambeba mtu. Mama Eunike alivuka jana na amekataa kurudi mpaka Jumatatu. Mimi nimerudi mara moja tu kukamua ng'ombe na kukuandikia mistari hii, na sasa navuka tena.