Sukari Imefika Kabla Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Mgongo unauma, lakini akili inachemka. Nimegundua! Mwaka nilioingia ghala hili, sukari ya kutoka nje ilijaa mpaka mlangoni. Kila mwaka imepungua. Watu wa nchi hii wanaiogopa, wanatia vidonge vya utamu kwenye chai. Na nyumbani je? Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mbebaji wa magunia kama mimi. Nitamuuliza. Kama kule inapanda, bosi atahitaji mtu wa kuuza kule. Mwenyeji. Mwenye mke kule!

Jumanne, 4 Juni
Nimempigia shemeji. Nikamtajia malori ya sukari ya hapa, mwaka baada ya mwaka. Kila nikitaja, yeye anataja zaidi. Huyu hajakubali kushindwa tangu nimfahamu. Nimeandika yote. Kisha mke wangu akachukua simu, akauliza narudi lini. Nikamwambia nipo kwenye hesabu. Akauliza: hesabu hiyo haina jibu?

Jumatano, 5 Juni
Nimechora kwa chaki ukutani. Mstari wa hapa unateremka. Wa nyumbani unapanda. Nilisimama juu ya magunia kuumalizia. Karani wetu, tunayemwita Kalamu kwa kuwa haimtoki sikioni, akasema mstari wangu unafanana na kuku anayeruka ua. Wivu wa msomi!

Alhamisi, 6 Juni
Bosi ameutazama ukuta. Amekubali! Lori moja liende kujaribu soko. Akaniuliza: nikikutuma, utarudi?
Swali jepesi. Lakini nikaliona akilini banda la chai la mke wangu. Meza yenye mguu mfupi, niliyoikunjia karatasi. Yeye anapuliza moto, jicho moja kalifumba kwa moshi. Nilipokumbuka kujibu, bosi alishamgeukia Kalamu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepakia lori mwenyewe. Gunia la mwisho nililikumbatia mpaka dereva akauliza kama ni ndugu yangu. Nikaomba lifti. Akasema bosi amekataza, tena amenitaja mimi. Kalamu alikaa mbele, dirishani, akanipungia mkono. Mshenzi!

Jumatano, 12 Juni
Mke wangu amepiga. Kuna mgeni mwenye kalamu sikioni anakunywa chai kwake asubuhi na jioni, na analalamika sukari imezidi. Meza ilikuwa inacheza. Mgeni ameikunjia karatasi mpya.
Sitalala vizuri kwa ile karatasi.
Shemeji naye alikuwa anapiga kelele nyuma yake. Ghala lao limefurika, sukari yetu haina pa kukaa, anaihamisha huku na huku kwa mabega yake. Nikamuuliza: na yale malori uliyonitajia je? Akasema angeniachaje nimshinde!
Kabla ya kukata, mke wangu akasema: sukari imefika. Wewe je?

Alhamisi, 13 Juni
Bosi kafoka. Lori zima halijauzwa. Ameniamuru nifute ukuta. Nimefuta, ila nimebakiza nafasi pembeni. Kwa sababu nimegundua! Kosa lilikuwa sukari. Asali! Nchi hizi mbili zinaagiza asali kiasi gani? Nimempigia shemeji. Hata sijamaliza kuuliza, akasema nyingi kuliko kwenu.
Safari hii nimejiandaa. Nimesimama mbele ya kioo cha bafuni, nikajiuliza kwa sauti ya bosi: nikikutuma, utarudi? Nitarudi, bosi. Nitarudi.
Bado nachelewa kidogo kujibu.