Utafiti Ndani ya Blanketi

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili amenirudishia hojaji. Maswali sitini na mawili! Eti amechoka alipofika la tisa. Amesisitiza kuwa utafiti huu ni wa kujitegemea: niende mwenyewe kwenye shule wanakohifadhiwa waliokumbwa na mafuriko, nione misaada inavyogawiwa. Ila kwanza nisubiri kibali cha kamati ya maadili. Wiki tatu! Na Bingwa, mwanafunzi mwenzangu anayepanga kalamu zake kwa rangi, kibali chake kimeshatoka. Mada yetu ni ileile. Sikubali!

Jumanne, 5 Machi
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kibali ni cha watafiti. Mwathirika hahitaji kibali! Nimevaa shati lililotafunwa na panya. Dada yangu, ninayekaa kwake, ameuliza naenda kuzibua mtaro wa nani. Nikamjibu naenda kufanya sayansi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Shuleni, karani wa usajili aliuliza nyumba yangu imepatwa na nini. Nikasema imesombwa. Yote? Yote. Akaacha kuandika. Akasema, "Pole sana, ndugu yangu." Nilijisikia mnyonge kwa dakika mbili nzima. Kisha nikapewa blanketi, ndoo na nafasi ya kulala katika darasa la Nne B.

Jumatano, 6 Machi
Data kibao! Jirani yangu ni bibi mmoja, fundi cherehani. Cherehani ilikwenda na maji, amebaki na mkasi tu. Ananiita mjukuu. Amenisogeza kwenye mkeka wake. Nilimuuliza kijanja anauonaje mgawanyo wa misaada. Akauliza mbona naongea kama redio. Halafu akasema kusimama foleni hakumchoshi. Kinachomchosha ni kueleza msiba uleule kila siku kwa wageni wenye makaratasi.

Maneno ya dhahabu! Nikakimbilia chooni, nikayaandika kiganjani. Nikatoka, nikanawa mikono.

Data yote, kwisha.

Alhamisi, 7 Machi
Nne B wamenichagua katibu wa foleni. Eti nina mwandiko mzuri. Nimeita watu tangu asubuhi, sauti imekauka, sijauliza swali hata moja. Nimewaweka wazee na wenye watoto wachanga mbele. Kina mama wakanipigia vigelegele. Nimefurahi kuliko inavyomfaa mtafiti.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Bingwa ametokea, kibali kinaning'inia shingoni. Nikajifunika blanketi gubigubi. Bibi, kwa huruma zake, akamwita aje amhoji mjukuu wake, kijana aliyepoteza nyumba nzima, maskini, hata kuongea haongei. Akanifunua mwenyewe.

Bingwa alinitazama. Nilimtazama. Akafungua daftari taratibu.

"Mhojiwa namba kumi na saba," akasema. "Umri?"

Dakika arobaini! Hakuruka swali hata moja. Alipofika kwenye "umepoteza nini", nikaona bibi anajifuta machozi kwa ajili yangu, nikashindwa. Nikamwambia nyumba yangu ipo palepale, na bati lake, na dada yangu ndani.

Bibi aliacha kujifuta machozi. Akasema, "Upande mkavu wa mkeka nilikuachia wewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba radhi, nikachukua blanketi na ndoo nirudishe kwa karani. Nilipofika mlangoni bibi akaniita. Nani ataita foleni ya alasiri? Nimalizie kwanza, ndipo nikaone aibu huko kwetu.

Nikamaliza. Nilimwita yeye wa kwanza.

Jumatatu, 11 Machi
Bingwa hakunisema. Nilijisema mwenyewe kwa msimamizi, kabla hata sijaambiwa niketi. Ameamua: nisitumie chochote nilichosikia kule, nimwandikie karani barua ya kuomba radhi, nisubiri kibali kama wenzangu. Nikitaka kwenda kambini, niende kuita foleni, bila daftari. Nimekubali yote kwa moyo mweupe. Mimi ni mtu mpya. Ujanja basi!

Nilipotoka nikasikia kwamba mwenyekiti wa kamati ya maadili hunyolewa kila Alhamisi, kibanda cha nyuma ya maktaba. Nimeshaelewana na kinyozi aniachie zamu hiyo. Kesho asubuhi naanza kujifunza kunyoa, na shemeji amejitolea kichwa chake, ingawa bado hajaambiwa. Nani atakataa kutia sahihi huku wembe uko shingoni?