Kitu Chenye Povu Garini mwa Shemeji

Jumatatu, 7 Julai

Mama ametangaza leo kwenye chai ya asubuhi. Magoti yamemchosha. Jumamosi anakabidhi ufunguo wa bekari. Kwa nani? Hakusema. Alisema tu atampa yule atakayemwonyesha wiki hii kwamba bekari iko moyoni mwake. Kisha akaendelea kunywa chai yake kama aliyetangaza kuwa sukari imekwisha.

Mezani tulikuwa wanne: Mama, dada yangu, mume wake, na mimi. Dada ndiye anayeoka. Shemeji anakanda, kisha anasambaza mikate kwa gari lake. Mimi niko kaunta. Wenye wivu wanasema kaunta si kazi. Haya, nani anawaambia wateja kuwa mikate imekwisha? Kukanda siwezi, unga unanipigisha chafya tangu utotoni, na stoo sijakanyaga tangu nimalize shule. Kila mtu na idara yake.

Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee katika nyumba hii. Ufunguo ni wangu, hilo halina mjadala. Ila nimemwona Mama akimwongezea shemeji maziwa kwenye chai bila kuombwa. Dalili mbaya sana.

Tena wiki yenyewe si ya mchezo. Hospitali imeagiza mikate ya Jumamosi. Wakiridhika, watachukua kwetu siku zote. Wasiporidhika, Mama amesema tutafute kazi nyingine sote.

Mkakati: kumchimba shemeji. Mtu mpole kiasi kile hakosi kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu!

Jumanne, 8 Julai

Nimekipata! Nimekipata!

Nilimwomba shemeji ufunguo wa gari, nikasema natafuta chaja yangu. Uongo. Nilikuwa napekua. Shajara ni yangu, siwezi kujidanganya mwenyewe. Kwenye buti, hakuna kitu. Kwenye droo ya mbele, tambara na peni isiyoandika. Chini ya kiti cha abiria, upande unaopigwa na jua, kitu kimefungwa kwa taulo kama mtoto mchanga.

Chupa pana ya kioo. Ndani yake kitu kizito, cha kijivu, chenye povu. Nikafungua kifuniko. Harufu! Kama pombe iliyogombana na maziwa yaliyochacha. Na kilikuwa kinapumua. Naapa, viputo vilikuwa vinapanda, vinapasuka, vinapanda tena, mbele ya macho yangu.

Basi huyo ndiye mkwe mpole wa Mama. Muuza dawa za kulevya! Anazungusha mikate mjini kumbe mkate ni chambo tu.

Nimekirudisha kama kilivyokuwa. Nimemrudishia ufunguo. Akaniuliza kama chaja nimeiona. Nikamwambia nimeona zaidi ya chaja. Akasema vizuri, akaenda kukanda. Uso mkavu! Wahalifu wakubwa ndivyo walivyo.

Jumatano, 9 Julai, asubuhi

Nimelifikiria jambo hili kitaalamu. Nikimwacha nacho, atakificha. Nikikichukua, atajua. Suluhisho: nikichukue, nimwachie kingine. Akili ni nywele, na mimi sina upara.

Nimepika uji mzito jikoni wakati Mama yuko kwenye maombi yake. Nikaupooza. Nikauacha uwe na sura mbaya mbaya. Shemeji alipoingia kuoga, mimi garini. Kile kitu nimekimimina kwenye debe lililokuwa na unga kidogo chini, nikaongeza maji kisikauke, maana ushahidi mkavu hauna nguvu. Nikakoroga huku nimeziba pua. Uji nikautia kwenye chupa, taulo juu, kila kitu mahali pake. Debe liko chini ya kitanda changu, limefunikwa kwa shati.

Jumatano, mchana

Nimepeleka sampuli kwa mfamasia wa mtaani, kijiko kimoja kwenye kikaratasi. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni suala la usalama wa jamii. Akanusa. Akanitazama. Akaniuliza nafanya kazi wapi. Nikamjibu kuwa mimi ni mkuu wa mauzo wa bekari ya Mama, ile ya kona.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika kabati. Akaita msaidizi wake aje anione, naye akacheka. Nilipomuuliza ni kitu gani, akasema niende nikamuulize mama yangu, na nimsalimie.

Kwa hiyo mfamasia naye yumo. Mtandao ni mkubwa kuliko nilivyodhani!

Alhamisi, 10 Julai

Nimeamka, shati limeinuka juu ya debe. Kile kitu kimeongezeka mara mbili. Kinazaliana! Ndiyo maana shemeji hana haraka na maisha, mtaji wake unakua wenyewe akiwa amelala. Nimekihamishia kwenye ndoo kubwa ya kufulia, nikakiongezea maji. Nikamwagia na unga kidogo juu ili kufunika harufu, nikapiga chafya hadi kichwa kikauma.

Lakini hilo ni dogo. Sikiliza hili.

Baada ya mchana, shemeji alipomaliza kukanda na kwenda kujinyoosha, nikaona niingie stoo kwa mara ya kwanza tangu nijue kunyoa ndevu. Pembeni, nyuma ya magunia, chini ya blanketi: ndoo. Nikafunua. Harufu ileile! Povu lilelile! Ndoo nzima! Ndani ya bekari ya Mama!

Nikamwona Mama kizimbani na magoti yake yale. Nikaona jina la familia linaburuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Sikusita. Nikaibeba hadi nyuma, nikaimwaga yote mtaroni, mpaka tone la mwisho. Nikaisugua ndoo kwa sabuni, kisha dawa ya kuulia wadudu, kisha sabuni tena. Inang'aa. Nikairudisha mahali pake, blanketi juu. Ushahidi wa chini ya kitanda unanitosha.

Usiku huu nalala usingizi wa shujaa. Mama bado hajui kwamba nimemwokoa.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya siku. Naandika yote kwa mpangilio, maana wajukuu wangu watataka kujua.

Asubuhi nilisikia kelele bekari. Siku ya kukanda unga wa mikate ya hospitali. Dada alikuwa ameshika ile ndoo inayong'aa, anaigeuza huku na huku. Mama amesimama na fimbo yake. Shemeji jasho linamtoka, na baridi yote hii! Nikajua za mwizi zimefika arobaini.

Shemeji akamwambia Mama asihofu, ile nusu ya akiba ipo salama garini. Akatoka mbio. Akarudi na ile chupa ndani ya taulo, ameikumbatia. Mama akafungua. Akanusa. Akachovya kidole, akaonja. Akasema huu ni uji.

Shemeji akaonja. Akasema ni uji kweli. Akakaa chini sakafuni.

Muda wangu! Nikapanda juu ya kreti ili wote wanione. Nikasema, familia yangu mpendwa, msitafute tena. Nikawaambia kwamba huyu mnayemwona mpole ni muuza dawa za kulevya. Kwamba kitu chake cha garini nimekichukua mimi, uji nimeupika mimi. Na ile ndoo aliyoificha stoo ili tufungwe sote, nimeimwaga mtaroni kwa mikono yangu hii, nikaiosha kwa dawa!

Nilitegemea makofi.

Mashine ya kukandia ilikuwa inanguruma, dada akaizima. Mama akarudi nyuma polepole mpaka akapata gunia la unga, akaketi. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama nimeimwaga yote. Nikamjibu kwa fahari, yote, Mama, hadi tone la mwisho.

Akaanza kulia. Mama yangu halii. Alipoanguka ngazini akavunjika mkono hakulia. Akasema mama yake alimpa ile chachu siku alipoolewa, kwamba ameilisha kila siku ya maisha yake, wagonjwa, misiba, safari, hajawahi kuiacha ife. Kila mkate uliotoka humu umetoka ndani yake. Kwa hamira ya dukani, mkate haukubali kuwa wake.

Chachu.

Nikatamani kreti liniingize chini ya ardhi. Nikatazama viatu vyangu.

Dada ndiye aliyenifikia. Hakunipiga, ingawa nilijiandaa. Akaniambia kwamba kwa sababu ya baridi, Mama alimpa shemeji nusu aiweke garini juani, ipate joto, na iwe akiba. Kisha akaniuliza neno moja moja, kama mtu anayeongea na kiziwi: kile, cha, garini, kiko, wapi?

Nikasema ushahidi upo chini ya kitanda.

Sijawahi kumwona dada akikimbia hivyo. Ndala moja ilibaki mlangoni. Akarudi na ndoo yangu ya kufulia, ameikumbatia kwa mikono miwili, na kile kitu kimepanda mpaka mdomoni, kinamwagika pembeni, kinatoa povu kwa furaha. Mama akainuka kwenye gunia. Akanusa. Akapeleka kidole mdomoni. Nikapiga kelele, Mama usionje! Mazoea tu.

Akaonja. Akafumba macho. Akaanza kucheka na machozi yanamtoka, anasema ni yeye, ni yeye, tena yuko na nguvu kuliko alivyokuwa. Akaniuliza nilimlisha nini. Nikasema unga na maji. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema silika.

Shemeji akainuka sakafuni, akanikumbatia, akaniachia unga mgongoni. Nikapiga chafya.

Sasa tuhesabu vizuri. Chachu ya stoo ilipotea, sawa, tusirudi nyuma. Iliyobaki ilikuwa wapi? Kwangu. Nani aliilisha? Mimi. Nani aliiokoa? Swali la kitoto. Mtu anaokoa bekari kisha anaulizwa kuhusu ndoo!

Jumamosi, 12 Julai

Mikate imeumuka! Imeumuka kuliko kawaida, imepanda kama mito mipya. Mpokeaji wa hospitali ameminya mkate mmoja, akala palepale mlangoni, akasema tulete Jumatatu na kila siku. Dada amepiga kigelegele. Shemeji ametabasamu, jambo ambalo kwake ni sherehe.

Jioni, ufunguo. Nilivaa shati la kola. Lilikuwa bado lina harufu ya kufunika debe, lakini ndilo zuri.

Mama akasema mengi kuhusu kuamka mapema. Kisha akampa ufunguo dada yangu.

Dada! Si shemeji! Ushindi mtupu! Lengo langu tangu Jumatatu lilikuwa nini? Shemeji asipate. Hakupata! Amebaki anampigia mkewe makofi, maskini, hajui hata kwamba ameshindwa.

Na si hilo tu. Mama akaniita pembeni. Akanishika shavu kwa ule mkono wake wenye makovu ya tanuri. Akasema, mwanangu, umekula mkate huu tangu hujaota meno, na hujawahi hata siku moja kuuliza unaumukaje.

Nikamwambia kweli, Mama, kaunta ina mambo mengi.

Akasema ndiyo maana, kuanzia kesho, chachu nitailea mimi. Chini ya kitanda changu palepale ilipopapenda. Kuilisha kila alfajiri kabla dada hajawasha tanuri. Akanikabidhi kijiko cha mbao alichopewa na mama yake. Kimechakaa upande mmoja, umbo la kidole chake gumba limebaki kwenye mpini.

Cheo! Mlezi Mkuu wa Chachu! Ufunguo unafungua mlango tu. Mimi nimeshika roho ya bekari. Nimekiweka kijiko chini ya mto.

Jumatatu, 14 Julai

Alfajiri ni muda wa kipuuzi, sijui nani aliubuni. Nimeilisha. Nimepiga chafya. Imeumuka. Nimeitukana kidogo, kisha nikaiomba radhi, maana Mama anasema inasikia. Tunaelewana.

Lakini macho ya mpelelezi hayalali. Nilipotoka kumwaga maji, nikapita kando ya gari la shemeji, naye yuko bekari anakanda. Kioo wazi. Nikachungulia.

Unga mweupe. Kwenye usukani! Kwenye kiti! Kwenye kitasa cha mlango! Umesambaa kama mtu aliyefanya haraka na mikono yake michafu. Laini, mweupe pe, hauna hata chembe ya rangi.

Nikachukua kidogo kwa ncha ya kidole, nikanusa. Chafya tatu, papo hapo, mfululizo! Sumu kali. Mwili wangu umeikataa.

Safari hii hakuna wa kunicheka. Hii si chachu. Chachu mimi naijua.