Kompyuta ya Kugawa Firigisi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeamua. Vita vya firigisi vinaisha Jumapili. Dada yangu Zipporah anachinja jogoo, na kwetu firigisi hailiwi na kila mdomo. Hupewa mwanamume mkubwa pale mezani. Mkubwa ni mimi, Andati! Lakini Osundwa, ndugu ya marehemu shemeji yangu, anadai boma ni la ukoo wao, kwa hiyo mkubwa ni yeye. Krismasi tulivutana mpaka mbwa akafaidi. Zipporah kaapa: mkigombana tena, naila mwenyewe. Mwanamke ale firigisi mbele yangu! Nitapita wapi hapa Navakholo?
Nimemwambia tuachie kompyuta iamue. Haina ukoo, haina shemeji. Kakubali. Osundwa pia kakubali, maskini. Hajui nina mpango.

Jumanne, 5 Agosti
Nimejiunga na darasa la Python, lugha ya kuamrisha kompyuta. Mwalimu ni Nekoye, binti ya Zipporah, pale ukumbi wa kanisa. Niliwaambia wanafunzi nimekuja kumsaidia. Nikawasimulia nilivyofufua kompyuta ya kiwanda cha sukari kwa panga na maziwa lala. Phoebe muuza nyanya akauliza iliuguanga nini. Nikasema presha.
Somo lenyewe rahisi. Kuna kitu kinaitwa kigeu. Ni kama chungu chenye jina. Unaandika jina, alama ya =, kisha unachotia ndani. Ukiandika print na jina la chungu, kompyuta inakutolea kilichomo. Hayo tu! Na watu wanaendea chuo kikuu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeandika kwa mkono wangu: firigisi = Andati. Chini yake print(firigisi). Kompyuta ikatoa maandishi mekundu. Eti haimjui Andati. Mimi! Ninayejulikana kutoka Kabras hadi Mumias!
Nikauliza imetengenezwa wapi, kwa maana hapa haikutengenezwa. Nekoye akasema pole, khotsa, ndivyo anavyoniita mimi mjomba wake, jina la mtu ulivike alama za kunukuu, bila hizo inadhani Andati ni chungu kingine. Phoebe akasema kwa tumbo lile haijakosea sana. Nimemsamehe.
Nikaweka alama. Ikaandika Andati, wazi kabisa. Nikaimba wimbo mzima wa kanisa.

Jumamosi, 9 Agosti
Usaliti. Osundwa naye amejiunga na darasa! Chini ya mstari wangu, juu ya print, ameandika firigisi = "Osundwa". Kompyuta sasa inamtaja yeye. Nikamuuliza Nekoye mimi nimeenda wapi. Akasema chungu hushika kitu kimoja. Kikitiwa kipya, cha zamani hakimo tena. Osundwa akacheka akishika mbavu, akaniuliza kama presha imepanda.
Nikatulia. Mtu mzima hafunzwi mara mbili. Nimeelewa: wa mwisho ndiye mshindi! Nikaazima kompyuta, eti niiombee. Nikaandika firigisi = "Andati" chini kabisa, chini hata ya print. Chini yangu sasa kuna meza tu. Nilale.

Jumapili, 10 Agosti
Obusuma, ugali wetu, imeiva, jogoo ananukia, firigisi imekaa peke yake kwenye kisahani kama mgeni rasmi. Nilivaa koti. Nekoye akabonyeza. Kompyuta ikaandika: Osundwa.
Nikasema imehongwa. Osundwa akasema hata mashine inajua mwenye boma. Nikamwambia tai yake ni ya kuazima. Akaniambia koti langu ni la arusi ya babangu. Nekoye akajaribu kueleza: khotsa, inasomanga kutoka juu kwenda chini, na ulipoingia chunguni ilikuwa imeshatoa. Nani alikuwa akisikiliza?
Tulipogeuka, kisahani kilikuwa kitupu. Zipporah alikuwa anatafuna, polepole, akitazama migomba nje. Akasema kumbe ni tamu hivi, na mmetunyimanga miaka yote hii.
Osundwa na mimi tukagawana shingo.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefikiri usiku kucha. Kosa limeonekana: niliandika jina langu mara moja tu pale chini. Krismasi nitaliandika mara ishirini, yote chini ya print. Tuone itaniruka vipi.
Phoebe ameomba nimfundishe Python. Nimekubali, tunaanza kesho.